Kibodi Isiyo na Waya kwa Kompyuta ya Nyumbani: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kulipa

Hotuba kwa wazazi, walimu na vijana, Iringa mjini

Ndugu wazazi, walimu wenzangu, na vijana wetu mliofika asubuhi hii, kamwene.

Nimeombwa nizungumzie kifaa ambacho wengi wetu hukinunua kwa haraka kupita kiasi. Mtu huulizia kompyuta duka kwa duka, akapima uwezo wa prosesa na ukubwa wa diski, akajadiliana bei mpaka muuzaji akachoka. Kisha, akishalipa, huchukua kibodi yoyote iliyo karibu na kaunta kwa kuwa machoni zote zinafanana. Hata hivyo, kibodi na kipanya ndivyo vitu ambavyo mkono unavigusa kwa saa zote za kazi, na kazi ikichosha mara nyingi chanzo kiko hapo. Nauweka msimamo wangu wazi tangu sasa, ili mnisikilize mkiujua. Kwa kompyuta ya mezani ya nyumba ya kawaida hapa kwetu, kibodi isiyo na waya inayofaa ni ile yenye ukubwa kamili, inayokuja na risiva yake ya USB (kidude cha kupokea mawimbi yake), inayosimba maneno yako, yaani kuyageuza yasisomeke na mwingine, kabla ya kuyarusha hewani, na inayotumia betri za kawaida zinazouzwa katika duka la mtaani. Kibodi ya Bluetooth pekee naiweka nafasi ya pili, hata ikiwa imetengenezwa vizuri, na nitaeleza sababu.

Lakini kabla ya kuulizana tununue ipi, tuulizane kwanza kama tunaihitaji. Anayekaa mezani, skrini ikiwa umbali wa mkono na kasha la kompyuta likiwa karibu na goti lake, hana sababu kubwa ya kuacha waya. Kibodi ya waya ni nafuu zaidi, haina betri za kuisha, haina risiva ya kupotea, na herufi zake hazipiti hewani. Anayetaka tu meza ionekane nadhifu na afanye hivyo kwa hiari yake, mradi ajue analipia unadhifu.

Zipo hata hivyo nyumba nyingi ambazo hazikununua skrini ya kompyuta kabisa. Kompyuta imeunganishwa na televisheni ya sebuleni kwa waya wa HDMI, na anayeandika anakaa kwenye kochi, mita mbili au tatu kutoka ukutani. Hapo waya wa kawaida wa kibodi, wenye urefu wa mita moja na nusu hivi, haufiki, na ukiongezewa unapita katikati ya sebule ambako watoto wanakimbia. Zipo pia nyumba zenye mtoto mdogo aliyekwisha kujifunza kuvuta kila kinachoning'inia mezani. Kwa nyumba za aina hizo kibodi isiyo na waya ni hitaji halisi, na ndizo ninazozisemea leo.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko vijana wengi wanavyodhani. Kompyuta ya nyumbani ya IBM iliyoitwa PCjr, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1984, ilikuja na kibodi isiyo na waya iliyotumia miale ya infraredi, ile ile inayotumiwa na rimoti ya televisheni. Kwa sababu hiyo ilibidi kibodi iielekee kompyuta bila kitu katikati. Kibodi za sasa zimeiacha miale hiyo na kuhamia kwenye mawimbi ya redio, ambayo hupita kwenye nguo, kitambaa cha meza na mbao. Karibu zote hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaani masafa yale yale ya Wi-Fi za kawaida, na jiko la maikrowevu nalo huyavuruga. Tofauti iko katika namna ya kuyatumia. Aina ya kwanza huja na risiva yake, kidude kinachochomekwa kwenye tundu la USB, na kibodi huzungumza na kidude hicho tu. Aina ya pili hutumia Bluetooth, ambayo huunganishwa na kompyuta, simu au televisheni yoyote yenye Bluetooth, bila kuchomeka kitu.

Kwa maelezo hayo Bluetooth inaonekana kuwa bora, na kwa mwenye kompyuta mpakato mpya au tableti huenda ikawa bora kweli. Tatizo linaanza tukiangalia kompyuta zilizomo majumbani mwetu. Nyingi ni za mezani, zimekwisha kutumika maofisini ng'ambo kabla ya kufika huku, na nyingi hazina Bluetooth ndani yake, hivyo utalazimika kununua kidude cha USB cha kuiongeza. Ukikinunua, bado hujamaliza. Bluetooth kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya Windows au mfumo mwingine kuwaka. Kabla ya hapo kompyuta haiitambui kibodi. Risiva ya aina ya kwanza, kwa upande wake, hujitambulisha kwa kompyuta kana kwamba kibodi ya kawaida ya waya imechomekwa, kwa hiyo hufanya kazi tangu kompyuta inapowashwa.

Naomba nikae kidogo hapa, maana ndipo wengi hukwama. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, kwa kawaida ya aina ya CR2032, inayotunza saa na mipangilio ya kuwasha wakati umeme haupo. Kompyuta iliyokaa miaka mingi, betri hiyo ikiwa imekwisha, husahau mipangilio yake kila umeme unapokatika. Umeme ukirudi unaiwasha, na badala ya kuendelea inasimama kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe, ikikutaka ubonyeze F1 ili iendelee. Ukiwa na kibodi ya Bluetooth pekee, unabonyeza F1 na hakuna kinachotokea. Windows haijawaka, kwa hiyo Bluetooth haipo. Na Windows haitawaka mpaka F1 ibonyezwe. Nimeona kompyuta nzima ikipelekwa kwa fundi, imefungwa kwenye shuka juu ya bodaboda, kwa sababu ya kitufe hicho kimoja. Dawa ya kudumu ni kubadilisha ile betri ya duara, ambayo bei yake ni ndogo. Lakini mwenye nyumba ambayo umeme wake hukatika bila taarifa anahitaji kibodi inayosikika tangu sekunde ya kwanza.

Risiva nayo ina udhaifu wake, na sitauficha. Udhaifu wa kwanza ni kupotea. Ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na kwa kibodi nyingi za bei nafuu imefungamanishwa na kibodi yake kiwandani, kwa hiyo ikipotea kibodi hiyo haina kazi tena, hata kama vitufe vyake vyote ni vizima. Wapo watengenezaji wanaouza risiva ya badala ambayo unaiunganisha mwenyewe kwa programu yao. Logitech, kwa mfano, ilianza na mfumo wa Unifying mwaka 2009, kisha ikaleta Bolt mwaka 2021. Muulizeni muuzaji swali hili kabla ya jingine lolote: risiva ikipotea, nitapata nyingine? Jibu lake lina uzito kuliko rangi ya kibodi.

Udhaifu wa pili ni mahali pa kuichomeka. Wengi huichomeka nyuma ya kasha la kompyuta, kasha lenyewe ni la bati na limesukumwa ukutani, kisha wanalalamika kwamba herufi zinaruka au zinajirudia. Bati huzuia mawimbi. Tena matundu ya USB 3.0, ambayo mara nyingi yana ulimi wa rangi ya buluu ndani, hutoa kelele ya redio katika masafa yale yale ya gigahezi 2.4, hasa yakiwa na diski ya nje inayofanya kazi. Kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ya kitaalamu kuhusu jambo hilo mwaka 2012. Chomekeni risiva mbele, kwenye tundu la kawaida lenye ulimi mweusi au mweupe, au itumieni pamoja na waya mfupi wa kurefusha USB ili risiva ikae juu ya meza na kuonana na kibodi. Kibodi nyingi zinazodaiwa kuwa mbovu hupona kwa hatua hiyo peke yake.

Sasa naomba utulivu zaidi kwa jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Kibodi isiyo na waya ni redio inayorusha kila unachokiandika. Ikirusha bila kusimba, ni sawa na kutuma barua isiyo na bahasha. Julai 2016 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Marekani iitwayo Bastille ilitangaza udhaifu ilioupa jina la KeySniffer. Watafiti wake walionyesha kuwa kibodi za bei nafuu za watengenezaji 8 zilikuwa zikirusha kila herufi hewani wazi wazi, na kwamba mtu mwenye vifaa visivyo ghali angeweza kuzisoma akiwa umbali wa hadi mita 75 hivi. Kibodi hizo hazikuwa za Bluetooth. Zilikuwa za risiva, aina ile ile ninayowashauri. Ndiyo maana nimeweka sharti la usimbaji ndani ya ushauri wangu tangu mwanzo, na wala si jambo la hiari.

Pimeni mita 75 kutoka sebuleni kwenu, kule Kihesa au Mlandege, mhesabu nyumba zilizomo ndani ya duara hilo. Kisha fikirini yanayoandikwa nyumbani kwa wiki moja: neno la siri la benki, namba ya NIDA, taarifa za mfumo wa kodi wa TRA, maombi ya mkopo wa elimu ya juu ya kijana aliyemaliza kidato cha sita. Kibodi inayosimba huyavuruga maneno hayo kwa ufunguo unaojulikana na kibodi na risiva yake tu, na anayeyanasa njiani hupata vurugu lisilosomeka. Kwenye boksi tafuteni herufi AES, mara nyingi zikifuatana na namba 128. Boksi lisilosema chochote kuhusu usimbaji, chukulieni kwamba haupo. Kasoro hii kwa kawaida haitengenezwi na fundi wala haiondolewi kwa kusasisha programu, kwa hiyo mwenye kibodi ya namna hiyo aitumie kwa michezo na filamu, na mambo ya fedha ayaandike kwa kibodi ya waya. Hapa nawapa watu wa Bluetooth haki yao: kibodi za Bluetooth zilizounganishwa ipasavyo husimba mawasiliano yake, na kwa jambo hili zinazishinda zile za risiva za bei ya kutupa.

Tukitoka kwenye redio tunafika kwenye vitufe, na hapa sisi waandishi wa Kiswahili tuna mahitaji yetu ambayo boksi halitayataja. Mpangilio wa herufi tunaoutumia umetokana na mashine ya kupiga chapa iliyouzwa na Remington ya Marekani tangu mwaka 1874, ikiandikwa Kiingereza. Herufi a ikawekwa pembeni kabisa, chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Katika Kiswahili a huzidi herufi nyingine zote. Neno "wanafanana" peke yake lina a tano. Kidole dhaifu kuliko vyote kinabeba mzigo mkubwa kuliko vyote. Mwalimu anayechapa mitihani ya darasa zima ataliona hilo jioni, mkono wake wa kushoto ukichoka kabla ya wa kulia. Kwa hiyo chagueni kibodi yenye vitufe vyepesi, na kipimeni kitufe cha A kwa kidole kile kile kidogo. Tazameni pia herufi yenyewe ilivyoandikwa juu ya kitufe. Ile iliyochapwa kwa rangi juu juu itafutika, na kwa lugha yetu ya kwanza kufutika itakuwa hiyo A. Ile iliyochongwa kwa leza hudumu zaidi, na iliyotengenezwa kwa plastiki ya rangi nyingine iliyopenya kitufe kizima haifutiki.

Hitaji la pili ni alama ya ritifaa, tunayoihitaji kila tunapoandika ng'ombe, ng'ambo au kung'oa. Kwenye kibodi za mpangilio wa Marekani na wa Uingereza iko upande wa kulia, hatua mbili kutoka L, na inapatikana kwa kubonyeza mara moja. Kwenye kibodi ya Kijerumani lazima ushikilie Shift kwanza, na juu ya hayo Y na Z zimebadilishana nafasi. Kwenye ya Kifaransa A imekaa mahali pa Q. Baadhi ya kibodi za mtumba zilizotumika Ulaya hufika sokoni zikiwa na mipangilio hiyo, bei yake ikiwa ya kuvutia. Fundi atakwambia inabadilishwa kwenye mipangilio, na ni kweli, kwa sababu kibodi haitumi herufi bali namba ya mahali kitufe kilipo, na kompyuta ndiyo inayoamua herufi gani itokee. Lakini maandishi yaliyo juu ya vitufe hayatabadilika, na mtoto anayejifunza kuandika akitafuta kwa macho atapotezwa kila mara. Mwacheni muuzaji abaki nayo.

Maelezo hayo hayo yanatatua kero ya alama ya @. Mtu ananunua kibodi mpya, anaandika barua pepe, anabonyeza Shift na 2 kama kibodi inavyoonyesha, na zinatokea alama za kunukuu. Kibodi si mbovu. Ni ya mpangilio wa Marekani, wakati Windows imepangwa kwa Uingereza, ambako alama hizo mbili zimebadilishana mahali. Ingieni kwenye mipangilio ya lugha, chagueni mpangilio unaolingana na kibodi, na kero inakwisha palepale.

Dukani, ombeni kibodi itolewe ndani ya boksi na iwekwe juu ya kaunta. Bonyezeni katikati yake kwa viganja, isibonyee. Kisha kitufe kirefu cha nafasi kibonyezeni kwenye ncha ya kushoto, halafu ya kulia: kizuri hushuka chote kwa pamoja, kibaya hushuka upande mmoja na kukwama. Pitisheni vidole juu ya F na J mhisi vile vinundu vidogo vinavyomwongoza asiyetazama. Kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya jirani yake kuwe na milimita 19 hivi, ambacho ndicho kipimo kilichozoeleka. Kibodi ndogo zilizobanwa kwa ajili ya simu zinachosha mikono ya mtu mzima na kumfundisha mtoto vibaya. Mwisho, ulizeni kama kuna taa ya Caps Lock. Kibodi nyingi zisizo na waya zimeiondoa ili kuokoa betri, na bila hiyo mtu huandika neno la siri kwa herufi kubwa bila kujua, akalikosea mara tatu, na akaunti ikafungwa.

Safu ya namba upande wa kulia msiikubali iondolewe, ikiwa nyumbani kuna mwalimu anayejaza alama, mweka hazina wa kikundi, au mfanyabiashara wa mbao za Mafinga anayepiga hesabu zake usiku. Kwa wengine haina umuhimu mkubwa.

Kuhusu betri, kibodi zenye betri ya kujengewa ndani huchajiwa kwa waya wa simu, na huo ni urahisi wa kweli; ila betri hiyo ikichoka baada ya miaka michache, kuipata ya kubadilisha ni kazi. Zinazotumia betri za AA, kama za saa ya ukutani, au za AAA, kama za rimoti, zitapata chakula chake kila mtaa. Nunueni za alkalaini, ambazo AA yake imeandikwa LR6 na AAA yake LR03. Zile zilizoandikwa R6 au R03 bila L ni za zinki na kaboni: bei yake ni ndogo, lakini huisha mapema na huvuja zaidi, na maji yake hula vile vispringi vya chuma ndani ya kibodi. Nyumba ikifungwa kwa likizo, toeni betri zote. Taa za rangi chini ya vitufe ziepukeni, kwa kuwa hula betri kupita kiasi, na umeme ukikatika haziwafai kitu, maana kompyuta ya mezani isiyo na UPS, kile kifaa cha kuhifadhi umeme wa akiba, nayo imezimika.

Mkishalipa, daini risiti ya EFD, na muulizeni muuzaji atakubali kurudishiwa hadi lini. Siku hiyo hiyo mkifika nyumbani, izimeni kompyuta kabisa, muiwashe tena mkibonyeza F2 au Delete kwa kibodi mpya mpaka muone ukurasa wa mipangilio ya kuwasha, ili mjue kwamba kibodi inasikika kabla ya Windows. Kisha kaeni kwenye kochi lenyewe, mahali mtakapoandikia, mwandike ukurasa mzima wa Kiswahili bila kusimama, mtazame kama kuna herufi iliyoruka au iliyojirudia. Ikiwa ipo, hamisheni risiva mbele na mjaribu tena. Ikiendelea, rudisheni kibodi na risiti yake kesho asubuhi, na ile ya waya msiigawe, ikae kabatini.